Meza ya Mkurugenzi Inaumwa

Kipimo hakwenda Idara ya Maji kutapeli mtu. Hilo tumpe, maana hana mengi ya kupewa. Alitumwa na dada yake, fundi cherehani, akalalamike kwamba bomba la dukani limekuwa likikohoa upepo tu tangu mvua ziishe, na bili inakuja vilevile, kana kwamba upepo nao una bei. Akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya Mkurugenzi, akabanana na wananchi wengine waliokuja na shida hiyohiyo, akangoja. Katika ofisi ile, kungoja ndiyo huduma pekee isiyokatika.

Jina la Kipimo alilipata kwa sababu ya vitu viwili ambavyo havikumtoka: futi ya kuvuta mfukoni na pima maji ndogo, ile ya mafundi ya kupimia usawa, iliyochomoza kwenye mfuko wa shati. Hajawahi kujenga hata kibanda cha kuku. Lakini aligundua zamani kwamba watu huanza kukuita fundi pale wanapoona kifaa, na wakishakuita fundi hawakuulizi tena ulisomea wapi. Chini ya kifaa kulikuwa na ulimi, na ulimi ule ndio uliokuwa ukifanya kazi. Ulikuwa umewahi kumuuzia mwenye hoteli feni ya kufukuza mbu, na kumuuzia mchungaji kengele isiyolia mbele ya wenye dhambi.

Sasa, kutoka ndani kwa Mkurugenzi kulikuwa na muziki. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na Kipimo, ambaye macho yake hayakuwahi kupita kwenye mwanya bila kuingia, akaona. Meza kubwa ya mbao nyekundu, pana kama kitanda cha harusi. Juu yake, huku na huku, spika mbili ndogo nyeusi, zile za kuwekwa kwenye rafu ya vitabu, zimefunikwa kitambaa usoni, na pembeni ya kila moja beji ya shaba inayong'aa. Na meza yote ilikuwa ikitetemeka. Kalamu zilikuwa zikigongana ndani ya kikombe chao. Chai ilikuwa ikipiga mawimbi kwenye glasi. Besi ikishuka, droo nazo zinaitikia: dududu, dududu, kama mtu aliyefungiwa humo anaomba atolewe.

Nyuma ya meza hiyo Kipimo hakuona mtu, aliona mfuko wa suruali ya Mkurugenzi, umevimba, umekaa kwenye kiti.

"Dada yangu," akamwambia katibu muhtasi, ambaye alikuwa akifuta meza iliyokuwa safi, "hiyo meza ya mheshimiwa imeanza lini kuumwa?"

Katibu akamtazama kuanzia viatu. "Meza?"

"Husikii inavyokohoa? Mungu wangu. Na anaiegemea hivyohivyo, na kifua chake."

"Wewe umekuja kwa ajili ya nini?"

"Nilikuja kwa ajili ya bomba. Lakini bomba linaweza kungoja. Limezoea."

Watu wa benchi wakacheka kidogo, kwa woga. Katibu hakucheka, ila aliinuka akaingia ndani, na Kipimo akaingia nyuma yake kama kivuli chake, pima maji tayari mkononi.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa shingo fupi na pete ndefu. Alipoona mgeni, aliingiza mkono kwenye droo ya kati, na muziki ukapungua. Kipimo akasema moyoni: rimoti. Kweli wakubwa wanaishi.

"Huyu nani?"

"Anasema meza yako inaumwa, bosi," katibu akasema, akajisogeza pembeni ili yale yatakayotokea yasimrukie.

Kipimo alikwishaweka pima maji juu ya meza, amepiga goti, jicho moja amelifumba. Akatikisa kichwa. Akaihamisha. Akatikisa tena, safari hii kwa huzuni, kama daktari anayetafuta namna ya kuwaambia ndugu.

"Mheshimiwa, samahani kwa kuingia bila hodi. Ugonjwa hauna hodi. Hizi spika nani alizikalisha hapa?"

"Zimekaa tu. Zina nini?"

"Zimekaa tu! Ndiyo maana. Mheshimiwa, spika ni kifua. Inavuta pumzi, inatoa pumzi. Ukiikalisha kwenye mbao tupu, haimwimbii mtu, inaiimbia meza. Meza nayo inajibu. Na meza, kwa heshima yako, haijui kuimba. Kwa hiyo wewe hapo husikii muziki. Unasikia ugomvi wa spika na fanicha."

Mkurugenzi akaitazama meza yake kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mke baada ya kuambiwa jambo.

"Sauti nene inapita miguuni pa spika, inaingia ubaoni, inashuka kwenye droo, inapanda kwenye kiti," Kipimo akaendelea, akifuata safari ile kwa kidole mpaka karibu na tumbo la mheshimiwa. "Figo zako zinakuwaje jioni?"

"Zinachoka," Mkurugenzi akakiri.

"Zinachoka!" Kipimo akamwambia katibu, kama shahidi. "Dawa yake ni kuzitenga. Spika isiiguse meza. Chini yake unaweka mto wa kitaalamu wa kuzuia mtetemo, unaiinua ifike usawa wa sikio, unaiinamisha kidogo ikutazame usoni, unaivuta kutoka ukutani isibanwe mgongo. Hapo ndipo mkubwa anasikiliza muziki kama mkubwa. Sasa hivi, nisamehe, unasikiliza kama mpangaji."

Na yapasa kusema hapa, kwa masikitiko, kwamba yote hayo yalikuwa kweli. Kipimo aliwahi kufagia kwenye duka la redio, akasikia muuzaji akiyamwaga kwa wateja, akayameza bila kutafuna. Mwenyewe aliamini ni porojo tupu. Ndivyo alivyokuwa: aliposema kweli hakujua, na alipojua hakusema.

Mkurugenzi akajikuna kidevu. "Hiyo mito unayo?"

"Inatengenezwa kwa uzito wa spika yenyewe. Nyepesi mto wake mwingine, nzito mto wake mwingine. Lazima nizichukue nikazipime."

Hapo Kipimo alitarajia kazi ya kushawishi. Alikwishaandaa machozi, kiapo na jina la mjomba ambaye hakuwahi kuwa naye. Lakini Mkurugenzi alimtazama katibu, na katibu akatazama dirisha.

"Wale wakaguzi wa mali za ofisi wanakuja lini?" Mkurugenzi akauliza.

"Wiki hii, bosi."

"Basi chukua," Mkurugenzi akamwambia Kipimo. "Chukua kabisa. Njoo kesho asubuhi, nitakuwa nimeshazitoa. Waya niachie mimi, usiguse waya. Na upite getini mlinzi akuone vizuri unavyozitoa. Vizuri, umesikia? Mwambie wewe ni fundi."

Kipimo akashuka ngazi akiwa amejaa dharau. Hawa ndio tuliowekewa, alijisemea. Hawa ndio wanaokula kwa niaba yetu. Ukimwambia mmoja wao meza inaumwa, anakupa hadi pole. Bomba la dada yake alilikumbuka alipofika barabarani, akalisahau kabla hajavuka.

*

Duka la dada lilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Mbele ya pazia kulikuwa na cherehani, meza ndefu ya kukatia, marundo ya vitambaa na kioo kirefu. Nyuma ya pazia kulikuwa na godoro la Kipimo, na Kipimo juu yake saa nyingi kuliko inavyompendeza mwenye duka. Hakuwa na pa kulala pengine. Ndugu wengine walikwishampa mgongo, na wengine walikwishampa polisi.

Juu ya meza ya kukatia kulikuwa na spika mbili ndogo nyeusi. Marehemu mume wa dada alinunua moja kwanza, akakaa mwaka mzima akisikiliza muziki wa upande mmoja, kisha akapata ya pili, akacheza nayo mlangoni kabla hajaiingiza ndani. Alipofariki, watu wa upande wake walichukua kitanda, kabati na baiskeli. Spika dada alizikalia, kweli kabisa alizikalia, moja chini ya kila paja, mpaka wakaondoka.

Taabu yao ilikuwa moja. Meza ile iligusana na ya cherehani, na cherehani ilipokimbia, spika nazo zilianza safari. Zilisogea kidogo kidogo kuelekea ukingoni, kama walevi wanaotafuta mlango, na dada alikuwa akishona huku akizirudisha kwa kiwiko.

Kipimo aliingia, akazitazama, na akili yake ikasimama wima. Kimo kilekile. Kitambaa kilekile usoni. Ukiondoa beji ya shaba, ni mapacha na zile za Mkurugenzi. Beji ni kitu cha gundi tu. Mpango wote ulimjia mara moja, umekamilika, umefungwa na utepe: za Mkurugenzi, za gharama, zitakwenda kwa muuza vyombo vya muziki. Za dada, zikiwa na beji, zitakwenda kwa Mkurugenzi, ambaye masikio yake ni ya kubebea miwani. Dada atanunuliwa nyingine kama hizi, na chenji itabaki kwa aliyefikiri.

"Dada, hizi zitaanguka siku moja."

"Nimeanza kuzisukuma kabla hujajua kudanganya."

"Ni mtetemo. Cherehani inaisukuma meza, meza inazisukuma spika. Naweza kuzitengenezea mito. Sponji ya godoro juu, mpira wa kandambili chini, nashona na kitambaa. Hazitasogea hata uendeshe treni humu."

Dada akaondoa mguu kwenye kanyagio. Akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wa mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, na kila aliyewahi kubishana naye alikumbuka alikuwa mrefu.

"Unataka nini?"

"Nitake nini, dada! Mtu hawezi kukufanyia wema?"

"Mtu anaweza. Nimekuuliza wewe."

"Nizichukue kesho nikazipime, nizirudishe zimekaa sawa. Basi."

Dada akasugua kiwiko. Kiwiko kilikuwa kinamuuma kweli. "Sikiliza, mdogo wangu. Mimi sina mwanamume humu, sina mtoto humu, nina sauti hizo mbili tu. Ukizirudisha hazilii, lile godoro lako utalikuta barabarani, na mimi sitakujua hata kwa sura. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Umesikia nini?"

"Barabarani. Kwa sura."

"Na maji vipi? Ulilalamika?"

"Wanalishughulikia," Kipimo akasema, na dada akarudi kwenye kushona, kwa sababu jibu hilo alilijua.

*

Asubuhi Mkurugenzi mwenyewe alimkabidhi spika, zimefungwa kwenye shuka, akamsindikiza kwa macho kutoka dirishani. Getini Kipimo alimwambia mlinzi kwa sauti kwamba yeye ni fundi. Zilikuwa nzito ajabu. Kila hatua mikono ilimvutika, na kila ilivyovutika moyo ulimchangamka. Spika nzito ndiyo spika, muuzaji wa lile duka alikuwa akisema. Hizi zilikuwa nzito kama dhambi ya mtu mkubwa.

Mito aliishona kwa mkono wake, nyuma ya pazia, dada alipokwenda kupima wateja wa sare. Aliimegua kona ya godoro lake mwenyewe kwa sponji, akakata kandambili ya mteja aliyeisahau. Akaiviringisha kwenye kitambaa cheusi cha masalio. Ilitoka mizuri kuliko alivyokusudia. Kisha akabandua beji za shaba, akazibandika kwenye spika za dada, akazipeleka kwa Mkurugenzi huku akipiga mluzi.

Alipanga kila kitu kwa mbwembwe. Spika zilikwenda mbali na ukuta, mito ikakaa chini yake, nyuma ikawa juu kidogo ili zimwinamie mheshimiwa. Akavuta futi kutoka kila spika hadi kwenye pua ya Mkurugenzi, ambaye alikubali kupimwa pua. Kabla mheshimiwa hajakumbusha habari ya waya, akauunga kwenye redio kubwa ya ofisini iliyokuwa kabatini, ikiwa na vumbi la kushangaza kwa redio inayosikilizwa kila siku. Akabonyeza.

Muziki ukatoka. Ukatoka safi, umenyooka, kila chombo kimesimama mahali pake. Besi ilikuwa nene lakini ya adabu. Chai ilitulia kwenye glasi. Kalamu zilinyamaza kwenye kikombe. Droo hazikujibu neno.

Mkurugenzi alisimama, mdomo wazi.

"Zinalia!"

"Si kulia tu, mheshimiwa, zina..."

"Zinalia zenyewe!" Aliinama, akasogeza sikio kwenye kitambaa cha spika moja, akaenda kwenye nyingine, akarudi. Akamtazama Kipimo kwa namna ambayo Kipimo alidhani ni upendo. "Katibu! Njoo usikie. Zinalia."

Katibu akaja, akasikia, akamtazama bosi wake, akamtazama Kipimo. "Kumbe," akasema.

"Na malipo, mheshimiwa..."

"Uhasibu. Njoo kesho."

Ni maneno ambayo yamezika watu wengi katika ofisi zile, lakini Kipimo hakujali. Mzigo wake wa kweli ulikuwa nyumbani, umefungwa kwenye shuka. Aliagana na Mkurugenzi na katibu kwa kuinama, akashuka ngazi mbilimbili.

*

Muuza vyombo vya muziki alikuwa mtu mnene anayekaa katikati ya redio zilizofumuliwa matumbo. Alizipokea spika za Mkurugenzi, akazipima kwa mkono, akainua nyusi.

"Nzito."

"Mzigo wa kikubwa huo, kaka."

"Jina la mtengenezaji liko wapi? Hapa palikuwa na kitu, kimebanduliwa."

"Vitu vikubwa havijitangazi. Umewahi kuona mfalme amejiandika kifuani?"

Mnene akaunga waya, akabonyeza. Kimya. Akaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya kikaongezeka. Akaigonga spika kwa kifundo cha kidole, ikatoa mlio wa ukuta. Akachukua bisibisi, akafungua mgongo, akachungulia. Kisha akaanza kucheka polepole, tumbo kwanza, halafu mabega, halafu redio zote za jirani zikawa zinatikisika pamoja naye.

"Njoo, fundi. Njoo umwone mfalme."

Ndani kulikuwa na tofali. Tofali zima la kujengea, limeviringishwa pazia la ofisi ili lisigongegonge. Waya ulipita kwenye tundu la nyuma, ukaishia kwenye fundo. Mbele, nyuma ya kitambaa, palikuwa na ubao tu, umechorwa duara kwa chaki. Na ya pili ilikuwa hivyohivyo, ila mchoraji alikuwa amechoka na duara limekaa yai.

"Kaka," mnene akasema akifuta machozi, "aliyekuuzia hizi amekuuzia mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ni tofali. Ni nani huyo? Nataka nimwajiri."

Kipimo hakumsikia. Alikuwa anasikia godoro likitua barabarani. Alikuwa ametoa spika hai, akazipamba na beji juu, akapokea matofali.

Akakimbia. Pima maji ilimdunda kifuani njia nzima.

*

Mlango wa Mkurugenzi ulikuwa wazi na muziki ulikuwa ukimwagika hadi kwenye benchi la walalamikaji. Ndani kulikuwa na wakaguzi wenye suti wakinywa chai. Mmoja alikuwa ameinamia spika, anapakapaka kwa brashi ndogo alama nyeupe ya mali ya ofisi ubavuni mwake.

"Safi sana," mkaguzi alikuwa akisema. "Tuliambiwa ofisi hii vifaa ni vya kwenye karatasi tu. Watu wana maneno."

"Wivu," Mkurugenzi akasema kwa upole.

Kipimo akangoja mpaka suti zikatoka. Kisha akaingia, akijilazimisha kutabasamu.

"Mheshimiwa, nimekuja kuzichukua kidogo. Mito inahitaji marekebisho. Nimehisi kama moja imeinama."

"Zimekaa vizuri."

"Zinaweza kuleta madhara kwenye figo."

"Figo zangu hazijawahi kuwa nzuri hivi. Funga mlango."

Kipimo akaufunga. Mkurugenzi akamkaribisha kiti, jambo ambalo wakubwa hulifanya wakiwa na furaha sana au wakitaka mtu asianguke. Akavuta droo ya kati mpaka mwisho. Ndani kulikuwa na redio ndogo ya betri, imekaa juu ya mafaili.

"Huyu ndiye aliyekuwa akiimba siku ile. Meza ilikuwa inatetemeka kwa sababu mwimbaji alikuwa tumboni mwake. Ulipopiga magoti na kifaa chako nikadhani umetumwa, nikataka kuzimia. Kumbe umekuja kuniokoa."

"Ulijua ndani mna tofali?"

"Aliyezileta ni shemeji yangu. Tulikubaliana ofisi inunue spika. Hatukukubaliana zilie." Akafunga droo kwa goti. "Nikasema, acha huyu azitoe, mlinzi amwone. Wakaguzi wakija ziko kwa fundi. Zisiporudi, fundi kaiba. Nilikuwa nimeshakupa kazi ya wizi na hukujua. Halafu wewe, kwa moyo wako mwema, ukaniletea zinazolia! Nimekaa katika cheo hiki miaka, sijawahi kuona mwananchi anailetea ofisi kitu."

"Mheshimiwa, zile ni za dada yangu. Ni mjane. Ndizo alizoachiwa."

"Zipi?"

"Hizo."

"Hizo zina alama ya ofisi." Akaigeuza moja, akamwonyesha rangi iliyokuwa bado mbichi. "Mimi nilitoa spika zikatengenezwe, zikarudi zimetengenezwa. Kama unasema hizi si zile, twende kwa mlinzi pamoja, umweleze zile ulizitoa ukazipeleka kwa nani. Tumwite?"

Ulimi wa Kipimo, uliomuuzia mchungaji kengele, ulijaribu kuinuka ukaanguka. Alitazama spika za shemeji yake marehemu zikimwimbia mtu mwenye pete. Zilikuwa zimekaa usawa wa sikio, zimeinama kidogo, na zilikuwa hazijawahi kulia vizuri namna ile maishani mwao.

"Na bomba la dada?" akauliza.

"Aandike barua," Mkurugenzi akasema, na akaongeza sauti.

*

Dada alikuwa anashona alipoingia. Kipimo akaweka maboksi ya Mkurugenzi, aliyoyapitia kwa yule mnene, juu ya meza ya kukatia, kila moja juu ya kipande cha sponji kilichobaki. Matofali alikuwa ameyatupa njiani, halafu akarudi kuyaokota, akayarudisha ndani, maana bila hayo maboksi yalikuwa mepesi mno kwa uongo.

"Hizo," akasema. "Endesha cherehani uone."

Dada akakanyaga. Cherehani ikakimbia, meza ikatikisika, mkasi ukaruka, kibweta cha vifungo kikamwagika. Maboksi hayakusogea hata unywele.

"Hazitembei," dada akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wakiwa watoto alimtazama mdogo wake kama mtu aliyefanya jambo.

Mtazamo ule ndio uliommaliza. Akiwa ameuzoea ule mwingine, angeweza kudanganya mpaka jioni.

"Dada," akasema, "usiwashe redio."

Dada akawasha. Akangoja. Akaongeza. Kisha akachukua mkasi, akachana kitambaa cha mbele cha boksi moja, akaliona lile duara la chaki. Hakupiga kelele. Akageuka akakaa, mikono mapajani, na Kipimo akaeleza yote, kuanzia benchi mpaka rangi mbichi. Hakuficha kitu, kwa sababu hakuwa amebakiza pa kukifichia.

Alipomaliza, dada aliinuka, akaenda nyuma ya pazia. Kipimo akasikia godoro likiburutwa. Akafumba macho. Godoro likapita kando yake, likafika mlangoni, likasimama hapo. Upande mmoja lilikuwa na pengo palipomeguliwa sponji. Dada akalitazama pengo lile. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Ulikata la kwako," akasema.

"Lilikuwa karibu."

Akaliacha palepale mlangoni, nusu ndani nusu nje. Akavuta kigoda, akakiweka nyuma ya meza ya kukatia, katikati ya yale maboksi mawili.

"Kaa hapo."

Kipimo akakaa. Kichwa chake kilitokeza katikati ya spika zisizolia.

"Mimi sishoni kimya," dada akasema, akirudisha pini mdomoni. "Imba."

"Dada, mimi..."

Dada akalitazama godoro. Kipimo akaimba. Sauti yake, iliyozoea kuongea, haikuwa na mahali pa kushika, ikateleza, ikapanda, ikakwama. Cherehani ikaenda nayo. Alipoishiwa na nyimbo alizozijua akarudia ya kwanza, na alipokaukiwa koo aliomba maji, akakumbuka bomba.

Mchana ukapita hivyo. Mteja mmoja, mama mwenye magauni ya kupunguzwa, aliingia, akaruka godoro, akasimama akishangaa.

"Jamani, hii ni redio gani?"

"Mpya," dada akasema.

"Ina taarifa ya habari?"

Dada akaigonga meza kwa mkasi. "Taarifa ya habari."

Kipimo akasafisha koo. Akakaa wima. "Hii ni taarifa ya habari," akasema kwa ile sauti nzito ya watu wa redio. "Mkurugenzi wa idara moja ya maji, ambaye mabomba yake hutoa upepo, leo amesikiliza muziki mzuri kwa spika za mjane. Wakaguzi wamempongeza. Spika hizo zilifikishwa ofisini kwake, hadi mezani, bila malipo, na mjinga mmoja. Na sasa hali ya hewa."

Mama wa magauni alikuwa ameketi juu ya rundo la vitambaa, anajipepea kwa kicheko. Dada hakuinua macho kwenye mshono.

"Rudia," akasema. "Hapo penye mjinga umepapita haraka."